Namna ya kulifuata neno hadi kwao: tuanze na "nafaka"

Wanafunzi wangu wakifika kwenye mada ya maneno ya mkopo huwa nawapa kazi hii: chagua neno moja linalohusu kula au kutunzwa, useme maana yake na lilikotoka. Wengi hukimbilia simu, wakarudi na jibu la mstari mmoja, "limetoka Kiarabu", na daftari wanalifunga. Kusema neno limetoka Kiarabu ni sawa na kusema mgeni katoka Dar. Hujasema ni wa mtaa gani, kaja na nani, wala amefuata nini huku.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Dodoma mjini. Kwetu ni Kondoa, na lugha ya nyumbani ni Kirangi. Nalitaja hilo kwa sababu mbele litatufaa. Neno nitakaloonyeshea njia ni nafaka. Hapa mjini kila mtu analitamka, mwenye mashine ya kusaga hadi mbunge, na hakuna anayelitilia shaka. Na hapo zamani maana yake haikuwa mahindi wala mtama.

Anzia sokoni

Kabla ya kamusi, jua neno wanalitumiaje watu ambao ndiyo kazi yao ya kila siku. Kwa nafaka nenda Majengo au Sabasaba. Kama una nauli fika Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye lile soko kubwa la mahindi la barabara ya Morogoro. Ukifika usiulize "nafaka ni nini?" Utapewa jibu la darasani. Uliza mipaka: hiki ni nafaka? Na hiki je?

Kuna mzee namnunulia uwele pale Majengo, magunia yake yamekunjwa midomo, kila moja na kopo lake juu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu, leo kisado au debe?" Nikamwambia leo nimefuata maneno kwanza, nikaanza kunyoosha kidole. Mahindi? Nafaka. Mtama mweupe na ule mwekundu? Nafaka. Uwele? Akachota kiganjani, punje ndogo za kijivu zenye ukijani kwa mbali, akazipuliza makapi yakaruka, akasema, "Hii ndiyo nafaka ya Mgogo. Hayo mahindi ya juzi tu." Mchele? Akasita. Mpunga ni nafaka, akasema, mchele ni chakula. Maharage? Hapana, hayo mboga. Karanga? Hapo akacheka kabisa: "Karanga unaungia mlenda, mwalimu, utaiitaje nafaka?"

Sasa tazama alichonipa. Kamusi itakuambia nafaka ni mazao ya punje kama mahindi, mtama na mpunga. Kwa mzee huyu punje peke yake haitoshi, na kuuzwa kwa debe hakutoshi. Nafaka kwake ni kile ambacho ndicho mlo wenyewe, ugali au wali. Kinachosindikiza ugali kina jina lingine. Nafaka ikiisha ndani, nyumba haina chakula hata kama jikoni kuna karanga debe zima. Kwa hiyo wazo la kutunza nyumba limo tayari katika matumizi ya leo, na bado hatujagusa Kiarabu.

Majibu ya namna hii yaandike vilevile yalivyotamkwa. Ukiyanyoosha yawe Kiswahili cha mtihani, ushahidi umeutupa.

Jaribu kulipasua

Ukitoka sokoni, liweke neno mezani ulipasue. Je, lina mzizi wa Kibantu ndani yake? Mfano mwepesi ni lishe. Ondoa -e ya mwisho, ondoa -ish- ya kutendesha, unabaki na -l-, mzizi wa kula. Kula, kulisha, lishe. Ndugu zake wamejaa: mlo, mlaji, ulaji, chakula, malisho ya ng'ombe.

Kisha piga hodi kwa majirani. Mgogo anasema kulya. Sisi Warangi tunasema kurya. Vuka ziwa, Mganda anasema okulya. Shuka hadi Afrika Kusini, Mzulu anasema ukudla. Neno lenye ndugu katika lugha zilizoachana kwa umbali wote huo hatukuliazima kwa mtu, tumelirithi. Sisi wa kanda ya kati tuna bahati katika jaribio hili, kwa sababu hapahapa Kondoa na Chemba wapo Waburunge, ambao lugha yao ni ya Kikushi, na Wasandawe wenye vidoko, sauti za kugonga ulimi; lugha hizo mbili si za Kibantu. Ukitaka kujua kama neno ni la Kibantu au limezagaa tu kwa kila mtu kwa sababu ya biashara, waulize na hao. Mtu wa Kigoma au Mtwara hana majirani wa namna hiyo mlangoni.

Nafaka haipasuki. Kuna aliyewahi kuniandikia kwamba linatokana na kufaa, kwa kuwa nafaka zinatufaa. Wazo zuri, ila sarufi inalikataa: na- hiyo ya mwanzo ni ya nini, na -ka ya mwisho imetoka wapi? Kiswahili hakina utaratibu wa kutoa nomino kutoka kitenzi kwa viambishi hivyo. Ukilazimika kubuni kiambishi ili maelezo yako yasimame, yaache.

Neno lisilopasuka, likawa katika ngeli ya I-ZI, lishuku ugeni. Ngeli yenyewe haithibitishi kitu, maana nyumba na njia nazo zimo humo na ni za kwetu. Lakini ndimo wageni wengi wanamofikia: meza, shule, kalamu.

Hapo ndipo sauti zinasaidia. Kiarabu kina herufi qaf, inayotamkwa nyuma kabisa kooni. Kiswahili kwa kawaida huigeuza kuwa k. Qalam ikawa kalamu. Waqt ikawa wakati. Qahwa ikawa kahawa. Na sadaqa ikawa sadaka. Tazama hilo la mwisho, kisha litamke pamoja na letu: sadaka, nafaka. Ukirudisha qaf mahali pake unapata nafaqa. Neno moja likipita mlango fulani, linaweza kuwa limefanana kwa bahati tu. Yakipita manne matano mlango uleule, hapo kuna kanuni.

Angalia pia irabu. Kiarabu kinaweza kurundika konsonanti mwishoni mwa neno, Kiswahili hakipendi. Kwa hiyo rizq inaongezewa irabu katikati na mwishoni, inakuwa riziki. Ukiona neno limewekewa irabu zinazofuatana namna hiyo, rudi nyuma uziondoe uone kinachobaki.

Sasa fungua kamusi

Kamusi zetu kubwa huonyesha lugha ya asili kwa kifupisho, kama Kar. kwa Kiarabu. Kifupisho hicho chukua kama anwani ya mahali pa kwenda kuuliza. Ukiweza kupata kamusi kongwe, ile ya Krapf ya 1882 au ya Johnson ya 1939, linganisha maana zake na za leo, kwa sababu maana huhama na kamusi ya leo haikuambii ilihama lini.

Kisha nenda Kiarabu kwenyewe. Kama hukijui, mwone mwalimu wa madrasa. Hapa mjini hawakosekani, na kwa uzoefu wangu wanafurahi kuulizwa swali la lugha badala ya swali la talaka. Mwombe mambo mawili: herufi tatu za asili, na maneno mengine yanayotokana nazo.

Kwa nafaka herufi ni n-f-q. Kitenzi kinabeba wazo la kitu kutumika na kuisha. Anfaqa ni kutumia mali, kutoa. Nafaqa ni matumizi, na katika sheria ya Kiislamu ni matunzo ambayo mtu anawajibika nayo kwa mke na watoto: chakula, mavazi, makazi. Sasa fungua Suratul Baqara, aya ya 3, inayowasifu wale wanaotoa katika vile walivyoruzukiwa. Katika maneno machache hayo utakutana na razaqnahum, ndugu wa riziki, na yunfiqun, ndugu wa nafaka. Kimoja kinaingia kutoka kwa Mungu, kingine kinatoka mkononi mwa mtu. Mwanafunzi asiyejali kabisa isimu akionyeshwa mistari hiyo huwa anainua kichwa.

Ndugu za neno wana faida, lakini wana vituko. Herufi hizohizo n-f-q ndizo za munafiq, yaani mnafiki wetu. Usikimbilie kuandika kwamba nafaka na unafiki vina uhusiano wa maana. Wanazuoni wa Kiarabu wa zamani walieleza munafiq kwa shimo la mnyama mdogo wa jangwani mwenye mlango wa kuingilia na mwingine wa siri wa kutokea, na nafaq kwa Kiarabu ni njia ya chini ya ardhi. Mali inatoka mkononi, mnyama anatoka upande wa pili, mnafiki anaingia katika dini huku na kutoka kule. Kama kuna daraja kati ya maneno hayo, linapita kwenye wazo la kutoka, halipiti kwenye debe la mtama.

Na usitosheke na kituo cha kwanza. Riziki tunaandika ni Kiarabu na tunapata alama zetu. Wataalamu wengi, hata hivyo, wanaona rizq yenyewe iliingia Kiarabuni kutoka Kiajemi cha kale, kwenye neno la chakula cha siku, lenye roz ndani yake, yaani siku. Roz hiyohiyo ndiyo iliyomo katika Nairuzi, siku mpya, ule mwaka mpya unaosherehekewa Makunduchi kule Unguja kwa Mwaka Kogwa. Anayesema riziki ni ya kila siku anairudia maana ya kale kabisa.

Eleza safari ya maana

Sehemu hii ndiyo wanafunzi wanairuka, na kwangu ndiyo yenye utamu. Tumeona umbo limetoka nafaqa likafika nafaka. Lakini maana je? Matumizi ya fedha yamekuwaje mtama?

Ziweke maana kwa mpangilio: kutumia mali, kisha mali inayotumika kuwatunza watu wa nyumbani, kisha kile kinacholiwa na watu hao. Baada ya hapo tafuta kama hatua hizo zinatokea mahali pengine leo, mbele ya macho yako. Zinatokea. Mama wa hapa Chang'ombe akisema "baba fulani hajaacha matumizi", hakuna anayeelewa matumizi ya simu au ya umeme. Ni hela ya kula. Neno matumizi linatokana na kutumia, neno pana kabisa, lakini ndani ya nyumba limebanwa hadi likawa hela ya unga na mboga. Nafaqa ilipita njia hiyohiyo, ikaenda mbele hatua moja zaidi: kutoka hela ya unga hadi unga wenyewe, au tuseme punje kabla hazijafika mashineni.

Hatua hiyo ya mwisho ina mantiki ukikumbuka kwamba katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki matunzo hayakutolewa kwa fedha. Yalikuwa ghalani. Hata wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji wakikatiza Ugogo, walihitaji kununua mtama kwa wenyeji njiani, juu ya hongo iliyolipwa kwa watemi ili wapite na kupata maji. Njia hiyo ndiyo mojawapo iliyokiingiza Kiswahili huku bara. Ukiandika hoja ya namna hii, itenganishe na ushahidi. Umbo la neno ni ushahidi. Aya ni ushahidi. Sababu ya maana kugeukia punje ni hoja yako, na mwambie msomaji hivyo.

Kilatini kilipita njia hii kinyumenyume. Kitenzi chao alere ni kulisha. Kikazaa alimentum, chakula, na alimonia, matunzo, na neno hilo la pili ndilo lililokuja kuwa jina la fedha anazolipwa mwenza baada ya ndoa kuvunjika, katika sheria za Waingereza na wengineo. Wao walianzia mdomoni wakafika mahakamani. Nafaka ilianzia kwenye wajibu wa sheria ikaishia kwenye gunia. Kitenzi hicho ndicho pia kilichozaa alumnus, aliyelishwa na kulelewa, jina ambalo vyuo vinawaita wahitimu wao.

Mwisho wa safari, hakiki kama maana ya zamani imekufa. Yetu haijafa. Nenda kwenye ndoa ya Kiislamu Kondoa, usikilize sheikh anapomkumbusha bwana harusi majukumu. Atataja nafaka ya mke, na hazungumzii debe la uwele. Wapo wanaoitamka kwa qaf ili kuitofautisha. Upande wa sheria za nchi neno linalotumika ni matunzo: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume ampatie mke malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Jambo ni lilelile, jina limetoka kwenye kutunza, mzizi wa Kibantu.

Mitego miwili ya huku kwetu

Wa kwanza ni ulezi. Nafaka ndogo nyekundu tunayompikia mtoto uji ni ulezi. Kazi ya kumlea mtoto nayo ni ulezi. Kila mwaka kuna anayeniandikia kwamba ule uliitwa hivi kwa sababu unalelea watoto, na anaandika kwa furaha kweli. Mbane kwa maswali. Ulezi wa kulea unaeleweka kwa kanuni: kulea, mlezi, ulezi, kama kununua kulivyozaa mnunuzi na kupokea kukazaa mapokezi. Hiyo z inajitokeza kwa utaratibu. Lakini kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu punje. Nenda kwa Wahaya: kulea ni okulela, ulezi wa uji ni obulo, na watoto wao wanalelewa vizuri tu. Kufanana kwa sauti na kukutana kwenye bakuli moja la uji havitoshi. Kamusi huyaweka kama maneno mawili, na mpaka upate hoja ya sauti, yaache mawili.

Wa pili ni mahindi. Jina linaelekeza Hindi. Mmea wenyewe asili yake ni Mexico. Mzee wa Majengo aliposema mahindi ni ya juzi alikuwa sahihi ukilinganisha na uwele na mtama, ambazo ni nafaka za Afrika. Basi ukitafuta asili ya neno usidhani umepata asili ya kitu. Ukibaki na mashaka ni kipi unakitafuta, soma upya swali lako.

Kuandika jibu

Usirudie hatua zote ulizopita, msomaji hana haja ya kujua ulipanda daladala gani. Aya moja inatosha. Kwa nafaka mimi ningeandika hivi:

"Nafaka (I-ZI): mazao ya punje yanayotoa mlo mkuu, kama uwele, mtama, mahindi na mpunga. Kwa wauzaji wa soko la Majengo, Dodoma, neno halihusishi maharage wala karanga. Limetokana na Kiarabu nafaqa, matumizi au matunzo ya familia, mzizi n-f-q. Q imekuwa k kama katika sadaka na wakati. Maana ya matunzo bado inatumika katika mazungumzo ya ndoa ya Kiislamu. Kuhama kwa maana kutoka matunzo hadi punje kunaelekea kutokana na desturi ya kuitunza nyumba kwa chakula badala ya fedha."

Tazama "kunaelekea" katika sentensi ya mwisho. Sentensi nyingine hazina.

Atakayetaka kujipima achukue masurufu, fedha au vyakula vya kutumia safarini. Aanzie kituo cha mabasi, aone ni nani bado anasema masurufu na ni nani anasema hela ya njiani. Akifika Kiarabu atakuta s-r-f, yenye wazo la kugeuza. Hapo alete sarafu na sarufi, aziweke mezani zote tatu, kisha anionyeshe fedha ya safari, fedha ya chuma na somo ninalofundisha zimekutana wapi.